DJ alimgeuza binti wa kwenye kitabu akawa mimi, nikaenda kuchomoa waya wa banda la video Muleba

Wakuu, salamu kwenu nyote, mkiwemo nyie mnaosoma kimyakimya mwaka mzima bila kuchangia hata neno.

Sipiki chai hapa. Hili limenikuta mimi mwenyewe na mashahidi ninao, banda zima.

Naanzia pale nilipochoka.

Mchana kweupe, nyuma ya soko la Muleba. Mtoto mgongoni, mfuko wa sukari na sabuni mkononi, naelekea ukweni. Ukweni mtarajiwa, tuseme hivyo kwa sasa, mtaelewa kwa nini.

Napita karibu na banda la video, nasikia sauti ya mwanaume ninayemjua. Spika imefunguliwa mpaka mabati yanatetemeka.

"Oneni huyu dada! Bwana anaomba, yeye anaringa, kumbe nyumbani ana mtoto anayetafutiwa baba! Kama yule fundi cherehani wa Nshambya, si mnamjua? Leo baba ni huyu, kesho baba ni mvuvi wa Bumbire!"

Banda likaangua kicheko.

Wakuu, fundi cherehani wa Nshambya ni mimi. Mvuvi wa Bumbire ndiye baba wa mwanangu.

Niliingia. Mwenye banda akanidaka mlangoni, "Mama, kiingilio!" Nikampita kama nguzo. Waya wa ekstensheni ulikuwa chini ya meza, nikainama na mtoto wangu mgongoni, nikauchomoa.

Giza.

"Umeme umekatika!"

Nikawaambia, "Haujakatika. Ni mimi."

Nitarudi hapo bandani. Kwanza mjue nilifikaje huko, msije mkasema wanawake wa Kihaya tuna hasira za bure.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Si elimu ya kutamba nayo, ila pale shuleni kulikuwa na mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa na riwaya ya zamani ya mapenzi, jalada limechanika, kurasa zina harufu ya moshi. Alitupa zamu ya kuisoma. Wenzangu walisoma mwanzo na mwisho ili wajibu maswali. Mimi niliisoma yote, nikairudia.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna binti, baba yake ana kinu cha kusaga ngano kinachozungushwa na mto. Dada yake anafariki, anaacha kichanga. Binti anamlea yule mtoto, na kijiji kizima kinanong'ona kwamba ni wa kwake, amemzaa kwa siri.

Anakuja kijana wa tajiri mwenye mashamba, anataka kumuoa. Sharti moja tu, mtoto apelekwe kwa watu wengine.

Binti anakataa. Anakataa amesimama mlangoni pa kinu, mvua inanyesha, na yule kijana anampenda kwelikweli. Hata yeye anampenda. Lakini anakataa.

Huo ndio moyo wa kitabu. Mwishoni yule bwana anarudi, kiburi kimeisha, na kabla hajamsalimia binti anamsalimia mtoto kwanza. Nililia bwenini mpaka mwenzangu akaniuliza nani amekufa kwetu.

Baadaye nikaja kuona kuna muvi yake. Nikaitafuta, nikaiangalia kwa Kiingereza chake. Walipunguza vitu. Ugonjwa wa baba haupo, shangazi mmoja wamemfuta kabisa, halafu wameongeza mashindano ya farasi ambayo kwenye kitabu sikuyaona.

Sikukasirika. Mimi ni fundi, naelewa. Gauni unaweza kulifupisha, ukalibana kiuno, ukabadili mikono, bado ni gauni lile lile. Ila ukikosea kukata bega, umeua kitambaa. Bega la hiki kisa ni sababu ya yule binti kukataa. Wale wazungu hawakuligusa.

Aliyeligusa ni DJ wetu.

Kwa mlioko mbali na mabanda ya video, nieleze kidogo. DJ anachukua muvi ya nje, anashusha sauti ya waigizaji, anaweka ya kwake juu. Anatafsiri, anasimulia, anatia utani. Huku kwetu wengine wanachanganya na Kihaya, na hapo ndipo bibi zetu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Sina ugomvi na kazi hiyo. Mama yangu hajui Kiingereza hata cha kuomba maji, muvi zote alizopenda maishani amesimuliwa na ma-DJ.

Huyu wa kwangu nitamwita DJ Lubisi, si jina lake. Tumekua naye Nshambya. Aliwahi kunitaka. Nikamkataa, kwa adabu kabisa, wala sikumtangaza. Yaliisha. Mimi nilidhani yaliisha.

Nilijuaje? Alinijia bibi harusi kibarazani. Wateja wangu wengi wa magauni siku hizi wanakuja na simu, "Dada, nishonee mikono kama ya huyu." Huyu naye akafungua muvi. Nikaona kinu, nikaona mvua, nikafurahi, nikamwambia hiki kisa nakijua. Halafu sauti ya DJ ikaanza kumsema fundi cherehani wa Nshambya.

Yule binti wa watu alishtuka kabla yangu. Akapunguza sauti, akaangalia chini, akasema, "Dada, mimi nilitaka mikono tu."

Nikampima bega, nikampima kifua, nikaandika vipimo vyake.

Tangu hapo nikawa naelewa vicheko vilivyokuwa vinanipita. Vijana wa bodaboda wakiniona, "Dada, bwana amekuja na farasi!" Kumbe nilikuwa nawajibu kwa tabasamu.

Sasa msikie kwa nini hili halikuwa la kucheka.

Mwanangu anaitwa Kemilembe, tunamwita Kemi. Mimi na baba yake hatujafunga ndoa bado, nasema wazi ili mtu asipate shida ya kuniuliza. Ila mambo yalikuwa yamepangwa. Wazee wa kwao, Muleba, walikuwa waje Nshambya kujitambulisha, wamuone mtoto, wamtaje kwa jina la ukoo wao mbele ya watu.

Kwetu mtoto ambaye wazee wa baba hawajamtaja ni kama mgomba ulioota mpakani. Kila mtu anakata ndizi, hakuna anayepalilia.

Baba Kemi akanipigia kutoka kisiwani Bumbire. Mtandao unakatika, upepo unavuma kwenye simu.

"Mama Kemi, huku kambini wananiita Baba wa Kesho."

"Wameiona?"

"Iko kwenye flashi, inazunguka kambi zote. Watu wanaikariri." Akacheka. Namjua mwanaume wangu, hakikuwa kicheko. "Mimi nakuamini. Tatizo ni mama."

Wanawake wa humu, nyie hiyo sentensi mnaijua.

Mama yake alikuwa ameshasikia. Akatuma ujumbe kupitia mshenga, neno moja tu, subirini. Hakutukana, hakuuliza. Wazee wakarudisha mikongojo ukutani.

Nikaenda kwa DJ Lubisi. Ana chumba chake mjini Bukoba, kompyuta, maiki, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia kelele. Nikamkuta anakula karanga.

"Dada, mbona umevimba?"

"Yatoe yale maneno."

"Maneno gani? Nimetaja jina? Mafundi cherehani Nshambya wako wangapi?"

"Wenye mtoto na mvuvi wa Bumbire wako wangapi?"

Akacheka, akarusha karanga mdomoni. "Sikiliza. Hizi muvi za mapenzi za zamani ni ndefu, watu wamevaa vizuri wanaongea tu, hakuna hata ngumi. Nisipotia chumvi banda linasinzia. Ni utani tu wa nyumbani."

"Kitabu chake umekisoma?"

"Kitabu gani?"

Hakujua kama kuna kitabu! Amekaa anawasimulia watu wa mkoa mzima kwa nini yule binti alikataa, na yeye mwenyewe hajui. Nikamueleza, mtoto si wake, ni wa marehemu dada yake, anakataa kwa ajili ya mtoto. Nilimueleza kwa upole, naapa, kama ninavyomueleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi.

Akasema, "Nshomile umeanza, kutuonyesha umesoma." Halafu akasema jambo ambalo sitalisahau. "Ile imeshatoka, dada. Iko Muleba, iko visiwani. Hata mimi siwezi kuirudisha. Na yule binti wa kwenye muvi alijifanya hataki, ndiyo maana watu wanapenda aibike kidogo."

Hapo nikajua hakuwa anazungumzia muvi.

Nikaondoka. Nilijiambia, huyu achana naye, nenda kwa mama mkwe mwenyewe, ukapige magoti, umueleze. Ndiyo safari ile ya Muleba, sukari na sabuni mkononi. Nilikuwa nimejipanga kuwa mpole siku nzima.

Halafu nikapita pale bandani.

Haya, turudi gizani.

Nimechomoa waya, watu wanapiga miluzi. Mwenye banda ananivuta mkono, "Rudisha umeme, watu wamelipa!" Nikamwambia, "Gusa tena huo mkono uone." Akauachia.

Nikasimama mbele ya skrini. Nikasema, "Fundi wa Nshambya ndiye huyu, mmeshamsikia, sasa mtazameni vizuri. DJ amewadanganya. Na hiyo hadithi nayo amewadanganya."

Nikawasimulia kitabu. Nilianza na hasira, lakini nilipofika kwenye kifo cha dada yake miluzi ilikuwa imekwisha. Watu wanapenda hadithi, wakuu. Nilipofika mlangoni pa kinu, mvua, bwana ameshika kofia mkononi, hata mwenye banda alikuwa ameketi anasikiliza.

Mzee mmoja wa benchi la mbele akauliza, "Kwa hiyo binti yangu, mtoto ni wa nani hasa?"

"Wa marehemu dada yake."

"Mawe, mama yangu! Sasa DJ mbona ametuambia ni malaya?"

"Muulize DJ."

Kijana mmoja nyuma, hawakosekani hawa, akapaza sauti, "Na wewe wa kwako?"

Nikageuka, nikawapa mgongo. Kemi alikuwa ameamka, anawatazama. Nikasema, "Huyu hapa. Anayemjua mtu wa Bumbire amtazame."

Jamaa mmoja anayechukua dagaa visiwani akainuka, akasogea mpaka karibu, akainamisha kichwa kama anakagua mzigo. "Waitu, jamani, hayo masikio nayajua. Nimegombana nayo juzi kwenye bei."

Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka, na sikutaka. Kemi akacheka kwa sababu watu wanacheka. Masikio ya Baba Kemi, jamani, yanaonekana mpaka ng'ambo ya ziwa.

Nikarudisha waya. Mwenye banda, bila kuambiwa, akakiruka kile kipande.

Nikadhani nitafika ukweni kabla ya habari. Thubutu. Muleba habari haisubiri basi. Nilipoingia kwenye kibanja chao cha migomba, mama wa Baba Kemi alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi za mchana, na swali lake lilikuwa tayari.

"Wewe ndiye uliyezima video?"

Nikapiga magoti, nikamsalimia kwanza. Akaitikia kama anavyomuitikia mpita njia. Nikasema, "Ndiyo mama, ni mimi."

Akaendelea kumenya. Kisu kinakwenda, maganda yanadondoka. Kwetu mgeni akikaribishwa anapewa mwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo. Hakuna kikapu. Nimepiga magoti, mtoto mgongoni, sukari yangu chini, hakuna kikapu.

Mwisho akasema, "Wameniambia umewapa hadithi nyingine. Nisimulie."

Nikasimulia mara ya pili siku ile ile, safari hii Kiswahili na Kihaya, kwa magoti. Alikuwa hanitazami. Nilipomaliza akauliza, "Yule bwana alirudi?"

"Alirudi, mama."

"Alimsalimia nani kwanza?"

"Mtoto."

Akaweka kisu chini. "Huyo alilelewa." Halafu akanyoosha mikono. "Nipe mtoto."

Akamkalisha Kemi mapajani, akamfuta vumbi usoni kwa kanga yake. Akaniambia, na haya ni maneno yake nayaweka kama alivyoyasema:

"Mimi kwa mtoto huyu sina shaka tangu alipozaliwa. Shaka yangu ni midomo. Wazee wamesema jambo lililosemwa kwa spika hawawezi kulimaliza kwa kunong'ona jikoni. Wakija Nshambya leo, wataambiwa wamekuja kuokota mtoto wa kwenye video. Lisafishwe palepale liliposemwa, na kwa sauti ileile iliyolisema. Kisha tutakuja."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu. "Tafuna. Kisha uende serikalini, ofisi ziko hapo Muleba hapo, hazijahama."

Nilitafuna kahawa ile nikaona tamu kama sukari yangu.

Nikaenda ofisi ya utamaduni siku hiyo hiyo, magoti bado yana vumbi. Afisa ni mtu mzima, mstaarabu, ila alikuwa hajapata kesi ya namna hii. Akaniambia, "Dada, malalamiko ya filamu tunayopokea ni ya maadili. Watu wako uchi, lugha chafu. Hii nimeambiwa ni ya magauni marefu mpaka chini."

"Ndiyo. Humo ndani wote wamevaa. Aliyevuliwa ni mimi."

Akanitazama, akavuta kiti. "Kaa. Unataka fidia?"

"Hapana."

"Afungwe?"

"Hapana, nani atamlisha mama yake?"

"Sasa unataka nini?"

Nikamwambia. Akakuna kidevu, akasema hilo hajawahi kuombwa, ila halikatazwi. Akanipa karatasi na kalamu, akaniambia niandike kama nilivyosema, asije akakosea yeye. Nimeandika, amepokea, amegonga muhuri, nakala ninayo. DJ Lubisi ameitwa. Amenitumia meseji ya kuomba tuyamalize kinyumbani, sijamjibu.

Wakuu, nilichojifunza nakiweka wazi. Utani una mwenyewe. Ukitaniwa na mtu aliyeinuka akaja kukutazama masikio, unacheka naye. Ukitaniwa na mtu aliyejificha nyuma ya blanketi na maiki, huo ni ubaya umevaa kofia ya utani. Usinyamaze ukidhani utaisha wenyewe. Mimi ningenyamaza, mwanangu angekua anaimbiwa maneno yale.

Na nyie mnaogeuza vitabu kuwa muvi, na muvi kuwa kelele, punguzeni mnachotaka. Ila mjue mtu alikataa kwa sababu gani kabla hamjamsemea.

Uwanja ni wenu. Wa kunipinga apinge, wa sheria anisaidie, ma-DJ mlioko humu nataka sana kuwasikia. Wa kuniuliza kwa nini nilizaa kabla ya ndoa, apite tu, mlango uko wazi.

Nilichowasilisha ni hiki, neno kwa neno, nimetoa majina tu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MANENO YALIYOONGEZWA KWENYE FILAMU

Mimi ni mkazi wa Nshambya, Bukoba, fundi cherehani. Namlalamikia mtafsiri wa filamu aliyeingiza habari zangu na za mwanangu kwenye filamu iliyotokana na riwaya, wakati habari hizo hazimo kwenye riwaya wala kwenye filamu, na si za kweli. Filamu hiyo inaonyeshwa Bukoba, Muleba na visiwani.

Hakutaja jina langu. Alitaja kazi yangu, mahali ninapokaa, mtoto wangu na baba yake. Hakuna aliyepata shida kunijua.

Kwa sababu ya maneno hayo, wazee wa upande wa baba wa mtoto wameahirisha kuja kumtambua.

Sidai fedha. Naomba mtafsiri huyo arekodi upya kipande hicho kwa Kiswahili na Kihaya, aseme binti yule alikataa kwa sababu gani, na aseme kwa sauti yake kwamba aliyoyasema juu ya fundi wa Nshambya aliyatunga. Nakala mpya ipelekwe kwenye kila banda lililopewa ile ya kwanza, na visiwani pia.

Siku ya kurekodi naomba niwepo, kwa kuwa kitabu nimekisoma na yeye hajakisoma.

Jina la mtoto anayehusika ni Kemilembe. Jina la ukoo sijaliandika. Nafasi yake nimeiacha hapa chini makusudi, watakuja kuijaza wazee wa baba yake, na siku hiyo nitawaleta ofisini mwenyewe.

Ukoo: ……………………